Matanga ya Kaka Gelu Akiwa Hai

Mtaa wa Stesheni,
Caracal.
Oktoba 16, 2019.

Mpendwa dada Zamfira,

Hujambo huko Torino? Mgongo unaendeleaje, na yule bibi unayemuuguza ameacha kukurushia vijiko? Sisi tu wazima wa mwili, ila mimi nimeduwaa tangu Jumapili, na hata hivi niandikapo sijarudiwa na akili zangu.

Ni kaka yetu Gelu. Unajua daktari anataka kumpasua moyo, naye alikataa katakata. Badala yake akatangaza kujifanyia matanga angali hai, kama alivyofanya marehemu bibi yetu. Nikamfokea. Beki aliyewazuia washambuliaji wa nchi nzima, leo anayafungulia mauti mlango na kuyapikia kabichi! Akanijibu, "Tavi, makala zako kawasomee kuku."

Basi watu wakajaa uani. Shemeji Veta akagawa ngano tamu ya kuwaombea wafu, padri akaomba, majirani wakamsifu Gelu kana kwamba keshazikwa: alivyoanza na timu ya reli, alivyoitwa timu ya taifa, alivyostaafu na magoti yaliyochakaa. Ukuta, Ukuta, kila mdomo jina lake la uwanjani, Ukuta! Waongo wakubwa. Hakuna aliyethubutu kuutaja mguu wa Lică Vătafu, na Lică mwenyewe ameketi palepale mbele yao.

Hujasahau ile mechi na Slatina. Mpira ulikwisha kuondoka, Gelu akamfuata Lică, mtoto wa mtaa wetu, akamvunja mguu. Lică hakucheza tena. Mwamuzi hakupuliza filimbi, magazeti yakashangilia, na Gelu hajamwomba radhi mpaka leo.

Ikafika zamu ya kutoa nguo. Sote tulidhani koti jipya na viatu ni vya mpwa wetu Fănel. Gelu akampelekea Lică! Hapo nikaing'amua hila yake. Anayepokea nguo za matanga hana budi kusema "Mungu akusamehe," na kaka alitaka kufa akiwa amelisikia neno hilo kwa Lică. Aombewe msamaha na desturi, yeye mdomo aufunge!

Lică akalivaa koti, akafunga vifungo vyote.

"Mungu akusamehe," akasema. "Mimi bado."

Dada, padri aliangusha kijiko.

"We Lică!" Veta akapiga kelele. "Mezani pa mtu?"

"Nimesema bado, mama. Sikusema sitaki. Niongeze kabichi."

Wageni wakaondoka. Nikamwambia Gelu ametukanwa mbele ya padri.

"Hujamsikia," akanijibu. "Kasema bado. Sasa nitakufaje?"

Jumatatu akampigia daktari mwenyewe, akakubali kupasuliwa huko Craiova. Mimi niliyejaza magazeti hoja dhidi ya matanga ya namna hii, nakiri nimeshindwa, na hilo wewe mwenyewe hujapata kulisikia kwangu.

Jana Lică alisimama getini, koti mwilini. "Mwambie asife huko Craiova. Sijamaliza kumkasirikia."

Gelu akatoka na kandambili zake, akasimama mbele yake, akasema, "Mpira ulikuwa umeondoka, Lică. Niliuona."

Lică akauliza tunaondoka saa ngapi.

Msalimie shemeji Ilario na binti yetu Smaranda. Veta na Fănel wanakubusu. Mungu akulinde ugenini, na ukiipata barua hii uwashe mshumaa. Tunaondoka kesho alfajiri. Lică atakaa kiti cha mbele cha gari ili aunyooshe mguu, na Gelu amekwisha kukisogeza nyuma.

Nduguyo akupendaye hata akifoka,
Tavi