Mstari Nilioruka

Mpwa wangu Nyamizi,

Ni mimi mjomba wako, yule aliyeshuka kwenye duara, lile shimo la dhahabu, kule Geita kwa kamba ya katani huku anatafuna muhindi, akakutana na chatu, na chatu akampisha. Hapo kwenye chatu ulikuwa unacheka. "Mjomba, juzi si alikuwa nyoka wa kawaida?" Sasa hakuna wa kunipunguzia chumvi.

Mama yako amepaka rangi chumba chako hapa Kambarage, ila meza hatujaigusa. Kompyuta ile kuukuu uliyoinunua Tinde bado ipo, na mfumo wake usiojulikana na mtu. Fundi wa stendi alitaka kuufuta aweke wa kawaida. Nilimsimamia mlangoni mpaka akafungasha bisibisi zake.

Nakumbuka ile miezi ugonjwa wa selimundu ulipokuvimbisha vidole. Wewe umelala, daftari lako liko mbele yangu, mimi nanakili kwa vidole viwili. Mtu wa darasa la tano, lakini nachapa. Nilikuuliza hiyo kompaila unayoijenga ni mdudu gani, ukasema ni kama karasha letu la kusaga mawe: mtu anaandika maagizo kwa Kiswahili, yenyewe inayasaga mpaka mashine iweze kuyameza. Nikaelewa kuliko wahandisi. Kule Geita niliwaambia wachimbaji wenzangu tumeijenga wawili. Baadaye nikawaambia nimeijenga mimi.

Ile siku ya mwisho ya kuchapa nilikuwa na haraka ya kwenda kusimulia kijiweni. Nilihisi nimeruka mstari. Ukaniuliza, "Mjomba, umefuata yote?" Nikakujibu mimi huwa sikosei.

Mashine ikamwaga malalamiko kioo kizima. Ukayatazama, ukasema, "Basi mfumo huu umenishinda." Ukaondoka na neno hilo. Mimi nilikuwepo, na sikusema.

Wiki iliyopita nilikaa na daftari lako, kidole kimoja kwenye karatasi, kingine kwenye kioo. Siku nne. Nikaupata. Mstari mmoja mfupi, hata hauna maneno matatu. Nikauchapa, nikaiamuru kompaila isage kama ulivyoandika pembeni.

Haikusema kitu.

Mama yako akauliza, "Imesemaje?" Nikamwambia haijasema. Akajifunika kanga usoni. Ikabidi nimweleze ulivyonifundisha: mfumo huu hauna maneno mengi, ukikosea unalalamika, ukipatia unanyamaza. Tukakaa pale wawili, tunakitazama kioo kilivyonyamaza.

Ulikuwa umepatia, mwanangu. Aliyekosea ni mimi.

Nikirudi Geita nitawasimulia upya. Nitasema kompaila ni ya Nyamizi, na mstari uliorukwa ni wangu. Nakuahidi hilo. Chatu nitamwacha alivyo.

Pumzika huko Samuye tulikokulaza. Nimekuandikia kukuomba radhi, na najua hutanijibu. Huo ukimya wako nitausoma kama ulivyonifundisha.

Mjomba wako