Mlenda wa Matanga Yako

Baba Luhende,

Mwangaluka. Najua safari hii hutaniitikia, lakini nikianza bila salamu utasema mkeo amepoteza adabu tangu awe mjane. Sisi huku mhola duhu, wazima tu, ila nyumba imekuwa kubwa mno. Juzi nilisonga ugali wa kukutosha na wewe, nikaja kukumbuka kwamba hupo, ugali umeshapoa.

Luhende ameshika nafasi yako machinjioni hapa Isaka. Wenzako wanasema anachuna ngozi kama wewe, haachi tundu. Nikisikia hivyo nafurahi kidogo, halafu moyo unaniuma, maana amekurithi na lile jingine. Ule mtindo wenu: mtu akijikata anafungua kidonge cha rangi mbili, unga wake anaunyunyiza kwenye kidonda, anafunga kitambaa na kurudi kazini. Miaka yote ulifanya hivyo ukapona, na mimi nikaamini.

Kisha akaja yule ng'ombe wa mguu uliovimba. Mwenye ng'ombe alikuwa akimdunga sindano kwa kubahatisha, leo nusu, kesho robo, na alipoona haponi akamwahi kwa kisu asife bure. Ulipokuwa ukimchuna, kisu kikakuteleza. Ukanyunyiza unga wako. Mkono ukavimba mpaka kwapani. Hospitali wakakuchoma sindano hii, wakabadilisha nyingine, homa ikawa ileile. Daktari akasema vijidudu vya kidonda chako vimeshaizoea dawa, na huenda vimetoka kwa ng'ombe yule. Ukanitazama kwa macho mekundu, bado unatania: "Mama Luhende, kumbe dawa nayo huzoeleka kama gongo." Nilicheka. Ee Mungu wangu, nilicheka, na kulipokucha hukuwepo.

Sasa nikupe habari ya matanga yako, kabla hujaisikia kwa wengine. Siku ya kuyaanua, shemeji Masanja alileta maksai. Ukoo wote ukashangilia. Mimi nikamtazama miguu. Mmoja ulikuwa umevimba na unatoka usaha. Nikamuuliza mdogo wako, akasema amemdunga sana huyo, hasikii dawa, basi afadhali aliwe kwa heshima ya kaka. Na Luhende alikuwa ameshanoa kisu, kidole chake kimefungwa kitambaa, unga wa kile kidonge cha rangi mbili unaonekana pembeni.

Sijui nguvu zilitoka wapi. Nilikwenda nikasimama kati ya mwanangu na yule maksai, nikasema hachinjwi. Masanja akafoka, "Shemeji, unamnyima kaka yangu heshima yake?" Mama zako wadogo wakaguna kwamba mjane ana kiburi. Luhende akaona aibu, akaninong'oneza, "Mama, hata baba angemchinja."

Ni kweli, ungemchinja. Hilo ndilo lililonitoa machozi mbele za watu. Nikamjibu, "Ndiyo maana leo tunaanua matanga yake." Akakitazama kidole chake, akaweka kisu chini.

Bwana mifugo alipoitwa akasema nyama ile isiliwe. Basi wageni wako walikula ugali kwa mlenda. Mjini wanacheka kwamba haijawahi kutokea mtu wa machinjioni akaombolezwa kwa mlenda. Waache wacheke. Masanja hajakanyaga kwangu tangu siku ile, nami sijaenda kumwomba radhi. Luhende nilimburuta zahanati siku hiyohiyo, mtu mzima na ndevu zake. Kidonda kinafunga. Anakiosha kwa sabuni na maji yaliyochemshwa, nami nasimama palepale nikimtazama, hata akinuna.

Nimekukasirikia, mume wangu, kwa kuondoka kizembe vile. Halafu nasikia mtu akikohoa njiani kama wewe, hasira yote inaisha, nabaki nalia tu.

Lala sasa. Usinisubiri upesi, bado nina mtu wa kumchunga. Nakuahidi jambo moja: huyu mtoto sitakuletea. Yeye ndiye atakayenizika mimi.

Mkeo,
Mama Luhende