Birika Bila Sukari

Jumanne, 9 Mei 2000

Nimefungua tena baraza langu la kahawa leo. Tangu mabomu ya Ijumaa birika lilikuwa limelala chini ya kitanda, na mimi pembeni yake. Bati moja la baraza limetobolewa. Kikombe kimoja kimevunjika. Vimebaki kumi na vinne, alhamdulillahi.

Wateja walifika hata moto haujashika. Watu wa Boyoma, Kisangani yetu hii, bwana! Mabomu jana, kahawa leo. Papa Juma, fundi cherehani wa jirani, ndiye wa kwanza, na maneno yake yale yale: tangawizi ni nyingi, nataka kumchoma koo. Akanywa vikombe vitatu vya hiyo inayomchoma. Timothée wa toleka, mbeba abiria, alisimamisha baiskeli yake mbele kabisa ya mlango — nimemkataza mara mia! — akaonja, akasema: "Mama Hadidja, kahawa iko bien, lakini sukari yako iko naogopa kutoka ndani ya pakiti!" Nikamwambia aende kunyonya miwa.

Sukari natia mimi. Ndani ya birika, kwa kipimo changu, kabla ya kumimina. Hapa hakuna sukari ya mezani. Kila mtu anasema lake, kali, tamu, nyepesi, na kesho yake wote wanarudi.

Idrissa hajui kama sisi ni wazima. Aliteremka mto Jumatano, siku mbili kabla ya mabomu, na pirogi ya chumvi na sabuni, kwenda Isangi. Alisema siku kumi. Alikunywa kikombe chake amesimama, akasema: leo umeipatia. Miaka kumi na moja ya ndoa, na ni mara ya pili bwana huyu kunisifu! Kwa hiyo atarudi Jumamosi.

Jumamosi, 13 Mei

Hakuja. Nilipika pondu, majani ya muhogo, ya watu wawili, nikala ya mmoja.

Barazani kila mtu ana habari yake. Mmoja anasema mto umefungwa Yangambi. Mwingine anasema hapana, pirogi zinapita usiku. Wa tatu anasema zinapita mchana, usiku ndiyo hazipiti. Wote wameambiwa na mtu aliyeona kwa macho yake. Huyo mtu anayeona kila kitu, mbona haji kunywa kahawa kwangu nimuulize?

Jumanne, 16 Mei

Mvua tangu alfajiri. Wateja wachache.

Tonton Waziri alikuja. Sijamwona zaidi ya mwezi. Ni mtu wa pirogi, anapanda na kushuka mto, mara nyingine na Idrissa, mara nyingine peke yake. Alifika mapema sana, birika liko motoni, pakiti ya sukari niko nayo mkononi. Akasema: "Unipe hivyo hivyo, mama. Bila sukari." Nikamwambia ngoja kidogo, sukari ndiyo hii. Akaweka mkono juu ya kikombe. "Bila." Bon! Labda ni diabète. Au jino, maana meno yake yale, Mungu anisamehe.

Nikamuuliza habari za Isangi. Akasema maji ni mengi. Nikamuuliza kama alimwona Idrissa njiani. Akasema: "Muto iko murefu, mama."

Alikaa saa nzima na kikombe kimoja. Akaenda bila kusema kahawa ni nzuri wala ni mbaya. Mtu anakunywa kwa mtu na maoni hana! Afadhali Papa Juma na koo lake.

Sukari inakaribia kuisha. Mama Kaswera wa butiki ya ng'ambo ya avenue anasema hana hata punje. Tangu ndege ziache kutua Bangboka hajapata kitu. Watu wa Butembo kama yeye, wazaliwa wa biashara, wakikosa bidhaa, ujue dunia imeharibika.

Alhamisi, 18 Mei

Sukari iliisha jana jioni. Kijiko cha mwisho nilikikwangua kwa ukucha.

Nikaamua: sisemi kitu. Mwenye biashara hatangazi alichokosa. Waonje, wapige kelele, niwajibu. Majibu nilikuwa nimeyatayarisha tangu sala ya alfajiri, mazuri sana, mengine ya kumnyamazisha Timothée mpaka Krismasi yake.

Hakuna kelele! Papa Juma alionja. Akaniangalia. Akaonja tena. Akaweka kikombe chini kwa mikono miwili, polepole, akasema: "Ni kazi ya Mungu." Kahawa?! Nikaitika tu, "Ni kazi ya Mungu, papa", maana ningesema nini? Hata tangawizi hakuitaja.

Na Timothée, mla sukari yule! Alikunywa yote, akanirudishia kikombe na macho chini. Halafu akaisukuma baiskeli kwa mkono mpaka kwenye kona, bila kupiga kengele.

Sielewi. Donc miaka yote hii sukari yangu ilikuwa ya bure?

Ijumaa, 19 Mei

Leo sielewi zaidi ya jana.

Baada ya sala ya Ijumaa baraza lilijaa. Nyuso ambazo sijaziona tangu mwaka jana! Wakaacha mabenchi, wakaketi kwenye mkeka. Na hakuna aliyetaja vita. Wanaume kumi wa Kisangani, kahawa mkononi, na hakuna anayebishana nani anashika daraja la Tshopo na nani anashika uwanja wa ndege! Nilisikia kijiko kikianguka kwa jirani.

Mama wa nyumba ya nyuma ameniletea mchele. Wa nini? "Si kitu, dada. Utapika." Mwingine akanishika mkono: jikaze. Nikasema tunajikaza, nani asiyejikaza wakati huu? Akauliza sasa utafanyaje. Nikasema nitaendelea hivi hivi mpaka Mungu atakapofungua. Akatoka analia! Mtu mzima analilia sukari!

Vikombe vyote kumi na vinne vilirudi vitupu mpaka masimbi ya kahawa chini. Hakuna aliyelalamika, si moto, si ukali. Nilianza kuvimba kichwa, nikasema kumbe mimi ni fundi kiasi hiki. Nikaonja mwenyewe. Chungu! Inakamata ulimi na haiachii.

Idrissa angenieleza. Anawajua watu kuliko mimi. Siku kumi na sita.

Jumapili, 21 Mei



Papa Juma alikuja amevaa kanzu, siku isiyo ya kanzu. Hakutaka kahawa. Nilikuwa natwanga tangawizi. Akasema: "Mwanangu, siku tatu zimetimia. Sasa funga baraza, uvae nyeupe, uingie eda. Batu banakuonea huruma, lakini banaanza kusema pia."

"Eda ya nani, papa?"

"Ya Idrissa, mwanangu."

Mchi uliniponyoka. Nani amesema Idrissa amekufa? Nani?! Akanitazama kana kwamba akili imenihama. "Si ni weye!"

"Mimi?"

"Siku tatu unatupa kahawa kavu! Weye mutoto wa huku, haujui? Kwetu, tangu babu zetu, nyumba ya kilio haitii sukari kwa birika. Mufiwa hatumulazimishi aseme. Tunaonja, tunajua. Nilikuambia ni kazi ya Mungu, na weye ukaitika!"

Nikaitika. Kweli, niliitika! Na nilijua desturi hiyo, nani asiyeijua? Mama yangu alipozikwa ni mimi niliyeshika birika. Lakini Alhamisi nilikuwa nafikiria duka, sikufikiria matanga.

Nikapiga kelele: "Sukari imeisha, papa! Imeisha tu! Ndege hazitui!"

Akakaa chini. Tukaangaliana. Halafu nikacheka, mon Dieu, nikacheka mpaka nikashika nguzo, naye akacheka, kofia ikamwanguka. Halafu nikaona nalia, na sikujua hicho kilio kilianzia wapi.

Lahaula! Nimemuua bwana wangu kwa kiburi cha kutosema sukari imeisha.

Jumatatu, 22 Mei

Asubuhi na mapema nilivuka avenue kwa Mama Kaswera. Kumbe yeye Mkatoliki amemwashia Idrissa mshumaa kanisani! Nilipomweleza alijipiga paji la uso. Akaingia chumbani, akatoka na nusu pakiti aliyoficha kwa chai yake mwenyewe. "Chukua, Hadidja. Mimi sitaki kulia mutu iko nakula samaki Isangi."

Nikatia sukari kupita kipimo. Timothée alionja, akaruka juu ya baiskeli, akaenda avenue nzima na kengele: "Tonton Idrissa iko muzima! Ilikuwa sukari! Ilikuwa sukari tu!" Watu walikuja kuonja, sio kunywa, kuonja, na kila aliyeonja alicheka. Mama wa mchele nilimrudishia mchele wake, akakataa: kula tu, utampikia akirudi. Papa Juma akasema imezidi utamu, na tangawizi ni nyingi, nataka kumchoma koo.

Nilitaka kumbusu yule mzee.

Wamebishana vita mpaka jua likapanda. Wamerudi kwenye mabenchi yao. Siku nzuri kuliko zote tangu mabomu. Nimemfufua bwana wangu. Bado kufika tu.

Jumatano, 24 Mei

Nilifungua kaye hii ninayoandika nicheke tena. Nilitaka kusoma ya Timothée na macho yake chini.

Nikasoma ya Jumanne, tarehe kumi na sita.

Sukari iliisha Jumatano jioni. Jumanne ilikuwepo. Nimeiandika mwenyewe, ni mwandiko wangu: pakiti ya sukari niko nayo mkononi. Na Tonton Waziri akaweka mkono juu ya kikombe.

Nimehesabu siku kwa vidole. Nimehesabu tena. Jumanne inakuja kabla ya Jumatano, hata ukiwa mwendawazimu.

Diabète. Jino. Mtu anaruhusiwa kuacha sukari!

Jioni nilimuuliza Papa Juma, huku natazama pembeni, hivi Tonton Waziri zamani alikuwa anakunywaje kahawa yake. Akacheka: "Waziri? Huyo anamushinda Timothée! Ukimuacha, anakula sukari kwa kiganja." Halafu kicheko kikakatika. Akaniangalia. Akatazama ndani ya kikombe chake, akasema tangawizi ni nyingi.

Mbona hakumalizia na koo lake?

Alhamisi, 25 Mei

Nimemtuma Timothée bandarini. Pirogi ya Waziri haipo. Wamemwambia yuko Lubunga kwa dada yake. Akavuka mpaka Lubunga. Dada anasema alilala siku mbili, hakula, ameteremka tena.

Ameteremka kufanya nini? Alikuja kwangu Jumanne, akakaa saa nzima. Kama alikuwa na neno, si angesema? Mdomo anao! Au alisema, na mimi nikamtafutia jino.

Nakasirika naye. Nakasirika sana. Afadhali kukasirika.

Ijumaa, 26 Mei

Leo nimetia sukari mara mbili kwa kusahau. Wateja wamesema imekuwa kama maji ya miwa. Timothée peke yake amefurahi.

Jumamosi, 27 Mei

Yuko hapo nje.

Sijatandika hata mkeka. Alikuja kutoka upande wa mto, miguu ina matope, na kitu kimefungwa ndani ya kitambaa, amekiweka juu ya magoti. Kidogo. Hakizidi mkate. Amesalimia vizuri. Nikasema karibu, tonton, kaa, birika liko motoni, naingia kuchukua sukari. Nikaingia. Badala ya sukari nimeshika kalamu. Sijui kwa nini naandika. Nikiwa naandika, bado hajasema kitu.

Cherehani ya Papa Juma imenyamaza. Kila asubuhi inanipigia kelele ukutani, leo imenyamaza.

Pakiti ya Mama Kaswera imebaki vijiko vinne. Vinatosha birika moja.

Nimefikiri hivi: simuulizi kitu. Natia sukari, namimina, nampa. Akinywa, basi Idrissa ni mzima, ameumwa tu, au pirogi imezama na yeye ametoka, au wamemshika watamwachia. Kile kitambaa ni samaki. Idrissa amemtuma na samaki. Ni kitu gani kingine mtu angeleta kutoka Isangi?

Ameniita. Kwa sauti ya chini, ya mtu asiyetaka jirani wasikie: "Mama Hadidja. Usijisumbue na sukari."

Labda ameambiwa sukari ni taabu. Timothée alipiga kelele avenue nzima, hata Lubunga wamesikia. Labda anaionea huruma pakiti yangu. Ni mtu mwema, Waziri, hajawahi kupenda kusumbua.

Birika linachemka. Natoka. Natia vyote vinne.