Nani Alimpa Farasi Maji

Ijumaa, saa tisa alasiri. Mvua inanyesha tangu adhuhuri na bati la chumba hiki halinyamazi. Mimi sijambo. Leo nimeulizwa mara nne kazini, na mara nne nimejibu sijambo, na sidhani nilidanganya sana. Siumwi popote. Nimekula nusu ya obusuma, ugali wetu, wa jana, nimeukuta hauna ladha, nikamaliza na nusu ya pili.

Kesho ni siku ya kunyoa, nyumbani Chekalini. Mama tulimzika Jumanne. Watu watakaa uani, sisi watoto tutanyolewa nywele, wazee watasikiliza mambo aliyoyaacha, kisha kila mtoto atasimama aseme neno lake juu ya marehemu. Mimi ndimi wa kwanza kuzaliwa, kwa hiyo nitaanza mimi.

Sina neno.

Aibu yake ni kwamba maneno ndiyo kazi yangu. Mimi ni yule mtu wa gari la sinema. Tunatandaza shuka jeupe sokoni, dereva wetu Makokha anawasha mtambo, nami nashika kipaza sauti nawaelezea watu kwa Kiswahili yanayosemwa na Wazungu kwenye picha. Kuanzia Shianda hadi Lugari wananijua kwa sauti kabla ya sura. Na dada yangu Nekesa ameshanionya: kesho nikisimama pale nikaanza kuwatolea watu hotuba ya kisinema, yeye atainuka aende zake, na asinione tena mlangoni kwake. Nekesa hatishi watu bure. Akisema amesema.

Basi badala ya kutafuta neno la kesho, nimeketi na fomu ya ofisini. Kila picha ina fomu yake: upande mmoja uzuri wake, upande wa pili kasoro zake, chini yake iendelee kuonyeshwa au irudishwe Nairobi. Mkubwa wetu mpya, ambaye amekalia kiti cha Mzungu tangu uhuru na bado hajakizoea, anazitaka Jumatatu asubuhi. Fomu ni mbili. Kazi hii naiweza hata nikiwa usingizini, na leo ni kama niko usingizini.

Ya kwanza ni picha ya kilio. Mama mmoja mjane analea watoto, wanakua, wanamsahau, anaugua, wanarudi amekaribia kukata roho. Mwezi uliopita ningeijaza fomu hii kwa sifa tupu. Uzuri: hadithi inaeleweka, hakuna mtu anayeondoka kabla ya mwisho, wanawake wa Navakholo walilia mpaka watoto wao nao wakalia bila kujua wanalilia nini. Mimi mwenyewe nilikuwa najivunia ile sehemu ya kitandani. Yule mama wa kwenye picha anazungumza kwa muda mrefu sana kabla ya kufa, na mimi nilikuwa namwongezea na yangu. Nilikuwa namfanya asamehe watoto mmoja mmoja, kwa majina ya kwetu.

Jumamosi iliyopita nilikuwa Navakholo, nikimsemea yule mama maneno yake ya mwisho kwenye kipaza sauti. Jioni hiyo hiyo, Chekalini, mama yangu alikuwa anakufa. Habari zilinifikia Jumapili mchana, zimeletwa na utingo wa basi.

Nilimuuliza Nekesa, mama alisema nini. Hakusema kitu. Aliomba maji, akanywa kidogo, akageukia ukutani. Nekesa alidhani amelala, akaendelea kupika.

Kwa hiyo sasa kasoro naijua, na nimeiandika: watu hawafi wakihutubia. Pia nywele za mgonjwa zimechanwa vizuri mno, na mto wake hauna hata alama ya kichwa. Nimeandika haya kwa mwandiko mzuri, mkono hautetemeki. Nimeusubiri utetemeke. Wapi.

Nikiri lingine, maana daftari hili halina wa kulisoma ila mimi. Jumanne, mbele ya jeneza la mama yangu, nilikuwa najaza fomu kichwani. Shangazi ameanza kupiga mayowe mapema mno, akifika kaburini atakuwa amekwisha. Mhubiri anarudia maneno. Yule jirani wa shamba la chini analia kwa kweli, yeye ni mzuri. Niliwatazama watu walionilea nikawapa alama, mmoja baada ya mwingine, na macho yangu makavu kabisa. Nilijitazama na mimi pia. Mtoto wa kwanza: hafai, arudishwe.

Halafu niliondoka kaburini.

Kwetu hilo halifanywi. Mtoto wa kwanza anatupa udongo, anabaki amesimama hapo mpaka tuta limepigwa sawa, hata kama anazimia watu wanamshika. Mimi nilitupa udongo wangu, nikasikia ng'ombe wa mama analia nyuma ya nyumba. Mama alikuwa na ng'ombe mmoja tu, wa maziwa, aliyempata tulipogawiwa hilo shamba baada ya Mzungu kuondoka, na alimpenda kuliko sisi, tulikuwa tunamtania hivyo. Nikageuka nikaenda. Sikufikiri jambo lolote. Alikuwa amefungwa tangu asubuhi, kamba imezunguka mti mpaka imekwisha, ndoo imepinduka. Nikamfungua, nikampeleka mtoni, akanywa, akanywa, nikamngoja. Niliporudi tuta lilikuwa limekwisha na watu wanakula.

Hakuna aliyeniona na ng'ombe. Walichoona ni kwamba nimempa mama yangu mgongo.

Nekesa alinijia nilipotokea uani, ng'ombe nimeshamfunga. Hakupaza sauti.

"Wewe ulikuja kututazama tu, kama sinema," akasema. "Na hata mwisho hukungoja."

Ningesema nini, kwamba nilikwenda kunywesha ng'ombe? Mama yako anafukiwa na wewe unakwenda kunywesha ng'ombe? Niliona ni afadhali anione mtu mbaya kuliko mwendawazimu. Siku ya pili yake nikapanda basi nikarudi Kakamega, nikadai Mkubwa ananihitaji. Mkubwa mwenyewe alishangaa kuniona, akanipa pole, akatazama pembeni.

Haya, fomu ya pili. Picha ya farasi. Hii ndiyo watu wanayoitaka kuliko zote, vijana wanaifuata maili nyingi kwa miguu. Uzuri: inakwenda mbio, hata ukizima kipaza sauti mtu anaelewa, mwovu anajulikana kwa kofia tangu mwanzo. Kasoro nimekuwa nikiandika zile zile: bastola haziishi risasi, mwanamke hana kazi ila kupiga kelele dirishani. Leo kalamu imefika hapo kwenye kasoro ikasimama, kwa sababu nimemkumbuka mama.

Tuliipeleka Chekalini wakati wa palizi, mwaka huu. Mama alikuja na wenzake, wamejifunga leso safi, wakakaa kwenye nyasi mbele ya ghala la yule Mzungu wa zamani. Ilikuwa mara yake ya kwanza kunisikia kazini. Kuna mahali mtu mmoja anashuka kwenye farasi, anamfunga nje ya hoteli, anaingia ndani, anapigwa risasi. Picha inaendelea na mambo mengine mpaka mwisho. Watu wakapiga miluzi, wakapiga makofi. Mama akainuka, akapenya watu, akaja mpaka kwenye gari, akaniuliza kwa sauti yake ya kawaida:

"Na ile farasi walifunga pale mlangoni, nani aliipatia maji?"

Kipaza sauti kilikuwa mkononi mwangu, hakijazimwa. Nami sikukizima. Nikawatangazia watu wote kwamba hapa kuna mama, watu wamekufa saba na yeye anaulizia farasi. Loo, walicheka! Makokha alijishika tumbo. Mama naye alicheka kidogo, akavuta leso mabegani, akarudi kukaa. Sikusema kwamba ni mama yangu. Wengi walijua.

Na sikuishia hapo. Nimelirudia swali lile Shianda, nikalirudia Navakholo, kila penye picha ya farasi, likawa sehemu ya maonyesho. Mama mmoja wa Chekalini, naanza, na watu wanaanza kucheka kabla sijamaliza. Nekesa alilisikia sokoni kwa watu wengine. Mama alilisikia kwa Nekesa. Gari liliporudi Chekalini mara ya pili, mama hakuja. Alisema ana mafua. Nami nilimwamini, kwa sababu ilikuwa rahisi kumwamini.

Sikumwomba msamaha. Nilidhani kuna siku nyingi mbele.

Nimeisoma tena hiyo fomu sasa hivi. Miaka mitatu ninapima picha hizi, nimehesabu risasi, nimepima vilio, nimejiona mtaalamu, na yule farasi sikuwahi kumwona. Amesimama mlangoni na tandiko lake mgongoni mpaka picha inaisha. Mama alimwona mara moja. Nimeandika kwenye kasoro: farasi hakupewa maji. Mkubwa ataniuliza hii ni nini. Nitamwambia asome tu.

Na baada ya kuandika hivyo ndipo nimeelewa kilichonipeleka mtoni Jumanne. Nimeweka kalamu chini nikakaa. Mvua imepungua. Bado sijalia, na sitaki kujidai kwamba nimelia. Kifuani pako vile vile, kama mkono ulioulalia ukafa ganzi.

Lakini neno la kesho ninalo. Nitasimama mbele ya wale wale waliocheka, bila kipaza sauti, niwaambie yule mama wa Chekalini alikuwa nani na aliniuliza nini. Nitasema nilimfanya kichekesho na kwamba sikumwomba radhi. Nitamwambia Nekesa nilikuwa mtoni. Akiinuka, ainuke. Sitapamba kitu, na nikikwama nitakwama mbele yao.

Basi la kwanza linaondoka alfajiri. Nikifika, kabla ya kusalimia mtu yeyote, nitapitia nyuma ya nyumba. Kuna watu wengi pale, wageni wa kupikiwa, wazee wa kuketishwa, na Nekesa ana mikono miwili tu. Sijui kama leo kuna mtu amemkumbuka ng'ombe.