Kipaza Sauti Tulichompa Parrain

Siku ya Mungu, 24 Januari 1993

Baada ya misa Tata, baba yangu, aliweka kipaza sauti juu ya meza akakipangusa polepole. Akifanya hivyo ana neno la kusema.

Uchaguzi umeahidiwa. Lini? Hakuna ajuaye. Lakini wagombea wawili wa hapa Kolwezi wameshapita kuomba msaada wa kampeni. Pesa hatuna — kampuni ya migodi haimlipi Tata mshahara. Tuna kipaza sauti tu, kile Tata anachokodisha kwenye ndoa na matanga. Kina ugonjwa wake: kabla ya kila neno kinalia krrr, kama mzee anayesafisha koo. Tata anajua mahali pa kubana waya.

Tumpe nani? Maître Kanyinda, mwanasheria, Mkasai kama sisi? Au Tata Polycarpe Nkulu, jirani, Mkatanga mwenyeji wa hapa, parrain wangu — ndiye aliyenishika siku ya ubatizo?

Mama alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. "Tusipe mutu. Tuuzishe, tununue bunga."

"Mama Mbelu, mwenye hatoe kitu, banamuona," Tata akasema. Kisha akanisukumia karatasi za wagombea wote wawili. "We njo unasomaka bitabu. Soma, utuambie."

Mimi! Katika nyumba hii sijawahi kuulizwa hata kama chumvi inatosha.

Siku ya tano, 29 Januari

Nimesoma kila karatasi mara tatu. Ya Maître Kanyinda ni Kifaransa kizuri sana — Katiba, Taifa, Sheria. Ya parrain ina makosa, na amesifu mchezo wa mpira kuliko inavyostahili. Lakini karibu na mwisho ameandika: maktaba, hapa hapa citéni, mtaani kwetu, kwa watoto wote, bila kuwauliza baba zao walitoka wapi.

Maktaba! Niliona rafu. Niliona hata dirisha.

Nikasema: Parrain. Nilisema kwa sauti ndogo, Tata akaniomba nirudie. Uso wake ulilegea. Nadhani alikuwa anaomba Mungu nichague hivyo.

"Maître atatukasirikia," Mama akasema.

"Kanyinda iko na motokari na ndugu ku Kasai. Siku mambo itaharibika, ataenda. Sisi tutabakia hapa na jirani."

Mama alianza kukitafutia kipaza sauti kitambaa cha kufungia.

Siku ya posho, 30 Januari

Leo, Jumamosi, tumekipeleka. Parrain alikipokea kwa mikono miwili, kama kinapumua. Akaniita mutoto yangu mbele ya wageni. Mama Ernestine, mkewe, akatupakulia samaki. Shekina, binti yao, akaninong'oneza: "Sasa papa yangu atapiga kelele kupita pasteur!" Tulicheka hadi kwikwi.

Tata alimwonyesha parrain mahali pa kubana waya. Parrain hakuangalia sana. "Ikiharibika nitakuita tu, Kazadi. Uko mbali? Uko pale!" — akaonyesha paa letu kwa kidole.

Siku ya tatu, 17 Februari

Mvua. Mtu ameandika BILULU kwenye benchi letu la shule, mimi na Shekina, kwa chaki. Niliifuta kwa mkono wa sweta. Wadudu — ndio sisi Wakasai, tunaotakiwa sasa tutoke Katanga.

Shekina amehamia benchi la mbele. "Mama njo alisema," akasema. Hakuniangalia. Aliniachia rula yangu.

Maître Kanyinda ameondoka na motokari yake, kama Tata alivyosema. Tata hakufurahi kuwa alisema kweli.

Siku ya kwanza, 22 Machi

Krrr.

Nilikijua kabla ya sauti. Nilikuwa naanika nguo. Pick-up ilikuja polepole, vijana wamejaa nyuma, na juu yao tarumbeta la kipaza sauti chetu, lile nililolipaka rangi ya kucha palipopasuka.

"Bilulu! Mubebe bitu byenu, murudie kwenu! Siku ya posho tusikute mutu!"

Sauti ya parrain. Si ya mwingine. Ileile iliyojibu kwa niaba yangu kanisani.

Nilisimama barabarani na shuka mkononi. Niliwaza: akiniona atanyamaza. Aliniona. Aligeuza tarumbeta upande wa pili. Krrr. "Kwenu!"

Kwetu? Nilizaliwa nyumba ya tatu kutoka kwake! Kasai sijawahi kuiona.

Jioni Mama alifunga sufuria kwenye kitenge. Hakunilaumu. Heri angenilaumu. Tata aliketi kwenye kizingiti akikuna goti. Aliniambia tu, "Ulisoma vizuri, Mbelu. Karatasi njo ilikuwa hivyo." Nililia ndani ya mto ili wasisikie.

Siku ya pili, 6 Aprili

Gare, stesheni ya treni. Tunalala chini ya turubai na mama Ndaya, Mkasai mwenzetu, na kichanga chake kinachokohoa. Treni hazina saa. Mabehewa yakija, wanaita mitaa inayopanda leo, mingine inabaki matopeni. Nimebeba kamusi tu. Kurasa zimevimba kwa mvua.

Leo mabehewa yamekuja. Anayeita ni parrain, kwa kipaza sauti chetu, amesimama juu ya ngazi na askari kando yake. Hatusikii. Krrr inameza kila neno. Watu wanalia, "Banaita nani? Banaita nani?" Jana familia moja iliachwa hivyo hivyo, bila kusikia mtaa wao.

Tata ametoa kisu chake kidogo cha kukatia waya.

"Ikala chini, tata Mbelu!" Mama amemshika koti. "Alikuita? Alisema atakuita. Alikuita?"

"Bantu habasikie," Tata amesema, na koti amemwachia Mama mkononi.

Ninaandika nimesimama. Ninaliona shati lake jeupe likipita kati ya watu. Amefika ngazini. Askari amegeuka. Tata ananyoosha kidole kuonyesha waya, kama siku ile ya samaki. Parrain ameduwaa. Hampi Tata kipaza sauti, wala hakishiki tena kwa nguvu.

Tata ameubana waya. Krrr imekatika.

Mtu amepuliza kwenye mikro, mara mbili, kidogo. Ni Tata, hujaribu hivyo kila mara. Uwanja wote umegeukia ngazi. Mama ameuma koti. Kutoka tarumbetani ninaisikia pumzi ya Tata, safi kabisa, karibu, kama ameketi hapa kando yangu, anaivuta —