Risasi Kwenye Mazishi ya Baba

Kaka yangu,

Huku sisi wazima. Mama anakula kidogo, na cherehani ya baba nimeitia mafuta, nashonea sare za shule.

Watu bado wanayasifia mazishi. Wanasema mji huu haujawahi kuona askari mstaafu akizikwa kwa heshima vile. Ulipanga vizuri, hata kwa simu.

Lakini kaka, zile bunduki za saluti kaburini uliziombea nini? Si wewe uliyekuwa ukiingia na baba chini ya meza kila tairi lilipopasuka barabarani, ukimshika mpaka atulie? Hospitalini alikuambia, "Mwanangu, nizikeni kimya. Vita niliviacha huko huko." Ukamjibu, "Nimesikia, baba." Nilikuwepo.

Risasi ya kwanza ilipolia, mama alijitupa juu ya jeneza, akaweka viganja vyake viwili upande wa kichwa, kama anayemziba baba masikio. Akawa anamwambia, "Tulia, mume wangu. Zinaisha sasa hivi."

Jana alijua kwamba ni wewe uliyeziomba. Hajakulaani, kaka. Ameniomba tu nikuandikie usimpigie simu kwanza.

Ni mimi, mdogo wako.