Ikoni za Upande wa Kulia

Mlandege, Iringa

Kaka Aroni,

Shikamoo. Natumaini wewe, wifi Jackline na watoto mnaendelea vizuri huko Mbeya na baridi haijawazidi. Sisi tunaamka salama, mahindi yamekauka shambani, na Mama anakusalimu sana. Ila mimi nimechoka, na aliyenichosha ni Baba. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kutwa tuko wote stesheneri na simu zangu zote anazisikia.

Ile skrini ya pili ya kompyuta uliyotuletea ndiyo chanzo. Tuliiweka kulia kwa ile ya zamani, na kila moja ina mkanda wake chini. Zile ikoni ndogo za sauti, intaneti na printa zikakaa kwenye mkanda wa skrini mpya, pembeni kabisa. Siku ya kwanza tu Baba akasema nimezifuta. Nikamwonyesha. Akageuza kichwa chote, akaziona, akasema nimezirudisha baada ya kusemwa.

Kesho yake akasema zimepotea tena. Nikazihamishia skrini ya zamani. Muda si mrefu akauliza printa iko wapi, maana hata huko zilikuwa mwisho wa mkanda. Nikaziweka katikati, zikabanana na mafaili yaliyofunguliwa, akasema nimemjazia takataka. Nikamwita Brayson, fundi wa Kihesa, akazigawa, nyingine huku, nyingine kule. Hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa. Baba alikuwa anachapa mitihani, karatasi ikakwama, ikoni ya printa, kule kulia, ikawa nyekundu, naye anatuma tu, tena na tena. Kisha mbele ya mwalimu Tupokigwe, mwenye mitihani yake, akasema chuo nilikwenda kutembea.

Kaka, nilikasirika. Nikaweka kidole juu ya ile ikoni, nikamwambia, "Hii hapa, Baba." Akatazama mbele, akauliza polepole, "Wapi, mwanangu?"

Mwalimu alipoondoka, Baba alifunga mlango akanieleza. Jicho la kulia halioni tangu Krismasi. La kushoto nalo limeanza kuingia ukungu. Nikamuuliza gari anaendeshaje, maana kila wiki anakwenda Nyololo kuchukua viazi, na malori ya Tunduma yanapishana naye upande huo huo wa kulia. Akajibu kwamba Mama hukaa pembeni yake na kumwambia kinachokuja. Kumbe Mama anajua. Muda wote huo mimi nilidhani uzee umewafanya wapende kusafiri pamoja.

Funguo za gari ninazo mimi. Alinipa mwenyewe bila ubishi, na hilo ndilo lililoniliza. Jumatatu nampeleka kwa daktari wa macho. Amekubali kwa sharti kwamba wewe usijue, kwa sababu yeye ndiye aliyekufundisha kuendesha gari, na hataki umwone akikaa kiti cha abiria. Nilimwahidi nitanyamaza, na sasa ahadi nimeivunja. Peke yangu siwezi, kaka. Njoo kabla ya Jumatatu. Ukifika, sema umekuja kutusalimia tu.

Msalimie sana wifi, na watoto uwapakate kwa niaba ya shangazi yao. Mungu akulinde njiani.

Mimi mdogo wako akupendaye,
Faustina